Tisini na Nane kwa Mia, Tayari Kabisa

Symphorien mwenyewe hapingi. Ukimuuliza leo nani alikuwa mpumbavu wa Jumatatu ile pale kwa Mama Mayimuna, atajinyooshea kidole kifuani kabla hujamaliza swali. Lakini asubuhi yenyewe, chai ikiwa bado ya moto, aliamini kwa moyo safi kwamba mpumbavu ni mtu mwingine, na kati ya wote waliokaa pale hakuna aliyecheka kwa sauti kubwa kumshinda.

Kwa Mama Mayimuna ni mabenchi mawili chini ya bati, mjini Likasi, pembeni ya barabara iendayo Shituru. Kuna babula lenye makaa yasiyozimika, birika la chai ya tangawizi, beseni la mikate ya kukaanga, na redio iliyofungwa kwa waya kwenye msumari. Mama mwenyewe baba yake alitoka Kasongo, na mdomo wake haujui foleni.

Benchi lile halitumii majina ya ubatizo. Symphorien anaitwa Pointeur, kwa sababu miaka ishirini na sita alikaa mlangoni pa kampuni moja akiwa na daftari, akitia alama mbele ya jina la kila mfanyakazi aliyefika. Rafiki zake hawakukosa kazi hata siku moja: wawe wagonjwa, wawe walevi. Kuna mmoja, Mungu amrehemu, aliyeendelea kuhudhuria wiki mbili baada ya kuzikwa. Kassim anaitwa Transit. Ni dereva wa lori la kuvuka mipaka, na nchi za watu anazijua zote kutokea parkingi. Kazadi anaitwa Objection. Alisoma sheria miaka miwili akaiacha, ila sheria ndiyo ilikataa kumwacha.

Basi redio ikakohoa, ikasema. Uchunguzi umefanyika katika nchi kumi na moja, kuwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu kama wako tayari kwa masomo mchanganyiko, yaani nusu darasani mbele ya mwalimu, nusu nyumbani kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wa Likasi wametokea wa kwanza. Tisini na nane kwa mia wamejibu “tayari kabisa”. Katika nchi tajiri, mtangazaji akaongeza kwa sauti ya masikitiko, wengi wamejibu “bado nafikiri”.

Transit akapiga paja. “Mulisikia? Tulishinda bazungu!”

“Objection,” Kazadi akasema, kidole juu. “Tulibashinda mu nini?”

“Mu kukubali.”

“Aa, mu kukubali! Ile kikombe tunabebaka kila mwaka. Nilizani mu kitu ya mupya.”

Mama Mayimuna akageuza mkate kwenye mafuta. “Minye nauliza tu, sikusoma. Kule kwa bale ba ‘bado nafikiri’, umeme iko?”

“Iko, Mama,” Transit akajibu kama mtu aliyezaliwa huko. “Hata mu makaburi iko. Maiti analala, taa inawaka.”

“Na internet?”

“Mpaka mu choo. Unakaa, unatuma barua, unatoka.”

“Na mwanafunzi wa kule iko na kompyuta yake?”

“Mbili. Moja ya kusoma, moja ya kuchoka.”

“Na anasema bado anafikiri.”

“Anafikiri, Mama. Anawaza macho yake, anawaza mugongo, anawaza kama atakosa barafiki.”

“Na sisi ambao umeme ilienda tangu Alhamisi haijatuaga...”

“Sisi tuko tayari kabisa,” Kazadi akamalizia, akainua kikombe kama anayekunywa kwa afya ya taifa.

Hapo ndipo Symphorien alipoingia na kicheko chake, kile kinachoanzia tumboni. “Ni banafunzi hawa ba leo! Bavivu! Bakisikia ‘kusomea mu nyumba’, benyewe banaona kitanda. Profesere anafundisha, yeye anajifunika blanketi. Sisi tulisoma kwa miguu! Kilomita sita kwenda, kilomita sita kurudi!”

“Weye ulisoma mpaka darasa gani, Pointeur?” Mama Mayimuna akauliza.

“Tunaongea juu ya kilomita, Mama, si juu ya darasa.”

Transit akawa na ushahidi wake. Wiki iliyopita, akitoka Kakanda na mzigo, aliona kijana amekaa juu kabisa ya kichuguu, kile kirefu kuliko nyumba, simu ameiinua juu kama padri anayeinua kikombe. Akasimamisha lori akidhani mtu amekimbia nyoka.

“Nikamuuliza, mwana, nini inakufukuza? Ananiambia: ‘Papa, usitikise chini, niko mu examen. Network iko hapa juu tu.’ Nikazima injini. Nikangojea. Dakika makumi mbili, minye na tani makumi tatu, tunangojea mutoto amalize swali.”

“Alipita ule mutihani?” Kazadi akauliza.

“Alishuka mbio. Mchwa ndiyo balimupita, mu suruali.”

Wakacheka hadi birika likatikisika. Kazadi akapangusa macho. “Sasa nimeelewa mchanganyiko. Nusu darasani, nusu juu ya kichuguu.”

“Na bale tisini na nane kwa mia banapigania nafasi,” Symphorien akadakia. “Wapumbavu hawa!”

Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini Kazadi akicheka sana huwa anaanza kufikiri, na hiyo ndiyo kasoro yake. Akaweka kikombe chini, akajikuna kidevu.

“Ngojeni. Tisini na nane? Uende leo mu kanisa, uulize batu nani anataka kuingia mbinguni, hautapata tisini na nane. Kutakuwa bale ba ‘tutaona’. Kutakuwa bale ba ‘nani mwingine anaenda’. Vijana mia wa Likasi hawawezi kukubaliana hata juu ya saa. Hapana. Mu mambo hii iko mukono ya muntu.”

“Mukono gani?” Symphorien akasema, haraka kidogo.

“Mukono moja. Yenye kalamu.”

Mama Mayimuna akaacha kugeuza mikate. Akamtazama Symphorien kama anavyotazama noti iliyochakaa. “Pointeur.”

“Mama.”

“Ile siku banafunzi balijaa hapa na makaratasi, mpaka nikakosa mahali pa kuweka beseni. Balikuwa kwako.”

“Ilikuwa zamani.”

“Wiki tatu.”

Symphorien akaona kitu cha maana sana ndani ya kikombe chake, akakiangalia kwa muda mrefu. Lakini macho sita yakimkalia mtu mmoja, ni machache ya kufanya. Akakiri.

Ilikuwa hivi, na alivyoieleza yeye ilionekana kama tendo la huruma. Karatasi za uchunguzi ziligawiwa chuoni, maswali arobaini kila moja, na kila swali na viboksi vitano, kuanzia “sikubali hata kidogo” hadi “tayari kabisa”. Binti yake Plamedi, anayesoma kemia ya madini mwaka wa pili, alikuwa amekwenda Kakanda kwenye matanga ya shangazi yake, na karatasi yake ilipaswa kurudi kesho yake. Baba akaona isipotee nafasi ya mtoto. Akachukua kalamu ya bluu, akakaa hapa hapa kwenye benchi, akajaza. Wanafunzi wa mtaa wakamwona mzee anajaza kwa kasi isiyo ya kawaida, wakasogea kuuliza siri. Naye hakuwa mtu wa kuficha ujuzi, na hao wakaupeleka kwa wenzao chuo kizima.

“Niliwafundisha kitu moja tu,” Symphorien akasema, akijinyoosha. “Ankete, hii ya kuuliza batu maswali, ikikuya, unajaza safu ya mwisho. Juu mpaka chini. Hii ni ujuzi, ndugu zangu! Balipokuya kuuliza juu ya malaria, nani alipata chandarua? Bale balisema ndiyo kabisa. Bale ba ‘labda kidogo’ hawakupata hata kamba yake. Muntu akikuya na karatasi na kalamu, nyuma yake iko gari, na mu gari iko kitu. Sasa nikasema, hii ya chuo, pengine nyuma yake iko kompyuta. Pengine kila mwanafunzi anapata.”

“Na ile chandarua,” Mama Mayimuna akauliza, “ilisaidia?”

“Ilisaidia sana. Muke wangu Blandine alizungusha nayo banda ya kuku.”

Kazadi alikuwa amekwisha kusimama. Kwake yeye hii ilikuwa mahakama, na mahakamani wakili hakai. “Pointeur, jibu tu. Swali juu ya kompyuta mu nyumba. Ulitia wapi?”

“Mwisho.”

“Internet ya haraka?”

“Mwisho.”

“Umeme ya kudumu?”

“Mwisho. Siku hiyo ilikuwa inawaka!”

“Chumba ya kusomea, yenye utulivu?”

Kikohozi. “Mwisho.”

“Utulivu!” Transit akaruka kama aliyekaa juu ya makaa. “Weye! Nyumba ya vyumba viwili, batu saba, na ukuta moja ni ya kanisa ya kuombea na mikro ya kupaza sauti! Minye nililala kwako siku moja, nilitolewa pepo mara mbili, na sikuomba!”

“Baliniuliza kama niko tayari, hawakuniuliza kama naweza!” Symphorien akafoka. “Na banafunzi, nani aliwashika mukono? Balinakili benyewe! Wajinga ni wao!”

“Bangapi balikuya kwako?”

“Sikuhesabu.”

“Pointeur wa miaka ishirini na sita hakuhesabu,” Kazadi akawaambia majaji wasioonekana. “Andikeni.”

Ndipo Plamedi akatokea, akiteremka upande wa reli kwa hatua za mtu mwenye haraka na heshima kwa pamoja. Bahasha chini ya kwapa. Akamsalimia Mama Mayimuna kwa mikono miwili. Akamsalimia papa Kassim, akamsalimia papa Kazadi. Baba yake alikuwa katikati yao. Salamu ikamruka kama lori linavyoruka shimo, ikatua upande wa pili.

“Hamuongei?” Mama Mayimuna akanong'ona.

“Tangu Jumamosi,” Symphorien akasema kwa sauti ndogo. Hilo hakuwa amewaambia.

Plamedi akalieleza benchi, si baba. Jumamosi orodha zilibandikwa chuoni. Kundi la kwanza ni wale waliojibu kwamba hawana kitu: hawana kompyuta, hawana mtandao, hawana mahali pa kukaa. Chuo kimewaonea huruma. Watakaa darasani siku zote, karibu na mwalimu, na maabara ni yao. Kundi la pili ni wenye vifaa. Hao siku tatu kwa wiki wabaki nyumbani kwao, kwenye utulivu wao, na kazi za maabara watazitazama kwa video.

“Kundi la kwanza ni bangapi?” Kazadi akauliza.

“Kumi na mmoja.”

“Mu mwaka muzima?”

“Kumi na mmoja. Divin wa jirani iko ndani. Yeye alikataa kukuya hapa. Alisema anaogopa kudanganya karatasi.”

“Divin ni mutoto wa ajabu,” Symphorien akasema. “Nilimuambia atajuta.”

Mama Mayimuna akamgeukia Plamedi. “Sasa mwanangu, hiyo asidi yenu, ile ya kuyeyusha majiwe, utaijifunza mu simu namna gani?”

“Tunaangalia profesere anaimwaga, Mama. Picha ikikwama, kila mumoja anabuni yenye kufuata.”

“Na siku ukiingia mu kiwanda ya kweli?”

“Nitaomba asidi ikwame pia.”

Hakuna aliyecheka sana. Transit aliijua asidi, aliwahi kuibeba. Plamedi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepungua mchezo. Mwisho wa mwaka kampuni zinakuja kuchagua wa kufanya majaribio ya kazi, na swali lao ni moja: nani ameshika vyombo kwa mikono yake? Watawachukua wale kumi na mmoja. Wengine watabaki na video.

“Na simu mu nyumba ni moja,” akasema. “Iko mu mufuko ya shati yake.”

Wote wakatazama mfuko wa shati. Symphorien akauziba kwa kiganja.

“Nilienda kwa sekretere wa chuo,” Plamedi akasema. “Nikamuambia, hii si mwandiko yangu. Akasema sawa, inawezekana kubadilisha, lakini mwenye alijaza akuye mwenyewe, atie sahihi kwamba majibu haikuwa yangu. Leo mwisho. Ofisi inafungwa saa sita. Kisha orodha inaenda, na mwaka muzima imekwisha.”

Benchi likamgeukia Symphorien. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati ya ng'ambo. Kutoka pale hadi chuoni, kwa pikipiki, ni robo saa. Kwa miguu ya pointeur mstaafu, tusiseme.

“Mutoto,” Symphorien akaanza, kwa ile sauti ya kuhutubia, “usirudi nyuma. Redio imesema sasa hivi, sisi ni ba kwanza. Nchi kumi na moja! Weye unataka kutoka mu ba kwanza, kwenda kukaa na ba kumi na mmoja?”

“Ndiyo.”

“Maendeleo inakuya mu nyumba yako, unaifungia mulango?”

“Ikuye na chumba.”

“Muangalie! Muangalie namna anajibu!” Akatafuta mwenzake. “Objection, unitetee.”

Kazadi hajawahi kukataa mteja. “Kisheria,” akasema, akitembea hatua mbili na kurudi, “mteja wangu hawezi kulazimishwa kujishtaki. Akitia sahihi kwamba alijaza karatasi kwa jina la muntu mwingine, na kwamba kompyuta haina, internet haina, utulivu haina, hiyo inaitwa kughushi. Iko mu kitabu.”

“Unasikia?” Symphorien akamwambia binti yake. Kisha akamgeukia wakili wake. “Iko mu kitabu kweli?”

“Ukurasa sikumbuki. Niliacha masomo kabla ya kufika pale.”

“Basi siendi. Sheria inakataza.”

“Objection, kaa chini,” Mama Mayimuna akasema, na Kazadi akakaa. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha Symphorien, akakitia ndani ya ndoo ya kuoshea, nusu ya chai ikiwa bado ndani.

“Mama! Nilikuwa ninakunywa!”

“Chai imekwisha.”

“Birika inamwagika hapo!”

“Ya wengine. Ya kwako imekwisha. Mutoto anakosa mwaka, weye uko na kiu?”

Transit akachezea funguo. “Pointeur, lori iko hapo. Haina mzigo. Nakufikisha mu dakika kumi, nakurudisha. Hata parkingi ya chuo naijua.”

Hiyo ilimgusa. Symphorien akainuka nusu. Akamwangalia Plamedi, ambaye hakuwa analia wala kubembeleza. Alikuwa anatazama barabara, kama mtu anayehesabu dakika. Na kwa kweli, ndani kabisa, kule ambako kicheko chake huanzia, Symphorien alijua tangu Jumamosi kwamba ataenda. Alikuwa ameshapiga pasi suruali. Kilichomzuia hakikuwa sheria ya Kazadi. Ilikuwa ile miaka ishirini na sita. Katika daftari lake lote, hakuna aliyewahi kuona alama iliyofutwa. Wakubwa walipiga kelele, wakaguzi wakaja na miwani yao, alama ikabaki ilipo, maana pointeur akifuta moja tu, watu wataanza kuuliza zile nyingine. Leo asimame mbele ya sekretere, msichana mwenye muhuri, aliyezaliwa yeye akiwa ameshastaafu, afute arobaini kwa pigo moja?

Akakaa tena.

“Siwezi,” akasema. “Kwenda nitaenda, lakini kuandika kwamba nilidanganya, minye siwezi. Bataniita mwongo. Likasi nzima inanijua! Ile karatasi nilijaza kwa akili. Nilisoma swali moja moja, nikafikiri, ndipo nikatia alama. Kama nilikosa, nilikosa kwa kufikiri!”

“Moja moja?” Kazadi akauliza.

“Moja moja! Zote arobaini! Naapa mbele ya Mama Mayimuna na mikate yake. Sasa Plamedi, uniambie weye mwenyewe, nitasimama pale niseme nini? Niseme, madame, minye Symphorien, baba wa watoto watano, nilidanganya chuo kikuu?”

Plamedi akafungua bahasha. Akatoa nakala ya karatasi, safu ya mwisho ikiwa na alama za bluu zilizonyooka kutoka juu hadi chini kama reli ya kwenda Kolwezi, akaiweka juu ya magoti ya baba yake, kidole kikiwa katikati ya ukurasa.

“Usiogope, papa, sekretere anajua kwamba haukudanganya. Swali ya kumi na tisa iliandikwa: ‘Kama unasoma maswali haya, usitie alama hapa.’ Weye ulitia: ‘Tayari kabisa.’”